Njia Panda ya Maneno

Barabara itokayo Tanga hupita Muheza, nchi ya michungwa, na baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 70 hufika Segera. Hapo haiwezi tena kuwa moja. Mkono mmoja huelekea Korogwe na Mombo, ukaiambaa milima ya Usambara hadi Moshi na Arusha. Mkono wa pili hushuka Kabuku na Mkata, ukavuka mto Wami, ukafika Chalinze, na kutoka hapo Dar es Salaam. Katika vitabu vya serikali, Segera ni kata ya Wilaya ya Handeni, inayopakana kwa karibu na Korogwe. Kwa wasafiri wa miaka mingi ni njia panda tu: mahali pa kushuka, kununua machungwa, kunyoosha miguu, na kupanda tena.

Mtu wa visiwani, aliyezoea bahari isiyo na njia panda, akisimama Segera kwa nusu saa kungojea gari, masikio yake hupata kazi kabla ya macho. Mpiga debe anaita, "Basi la Arusha! Basi hilo!" Muuza matunda aliyechoshwa na mteja asiyekubali bei anasema, "Basi, mama, chukua." Utingo anagonga ubavu wa lori linalorudi nyuma: "Basi, basi, basi!" yaani dereva asimame. Kwa muda wa kuvuta pumzi mara tatu neno moja limetamkwa kwa maana tatu, wala hakuna aliyeuliza ni basi lipi linalokusudiwa. Kila mmoja amefahamu lake na kushika njia yake.

Anayependa maneno haachi kuuliza. Basi la kukoma na basi la kupanda ni neno moja au mawili? La kwanza ni la kale, limekuja na pepo za msimu kutoka Uajemi, ambako bas ni "inatosha", na Wahindi nao wanalo vivyo hivyo. Katika Kiswahili lilipanuka. Likawa la kukomesha, likawa la kuridhia, likawa la kufungulia usemi mpya: "Basi, hapo zamani za kale..." La pili halina udugu wowote na hilo. Katika miaka ya 1820 huko Ufaransa yalianza kutembea magari ya farasi yaliyompokea yeyote mwenye nauli, bila kujali cheo, yakaitwa kwa neno la Kilatini, omnibus, maana yake "kwa ajili ya wote". Waingereza walipolichukua walilikata kichwa wakabaki na mkia, bus. Mkia ule katika Kilatini hausimami peke yake. Ni kiambishi tu, kipande cha neno kinachoonyesha kwamba jambo linafanywa kwa ajili ya wengi. Kiswahili kikautilia irabu mwishoni, kama ada yake, na ghafla mgeni akafanana na mwenyeji kwa sura na kwa sauti. Njia moja ilitoka Uajemi, nyingine ilitoka Ufaransa, zikakutana katika kinywa cha mpiga debe wa Segera.

Yako mengine ya namna hiyo. Pembezoni mwa barabara pana chungu ya matikiti, na mkononi mwa abiria pana tikiti ya safari. Wengi wa bara husema tiketi, lakini ulimi wa pwani haukuona haja ya kuyatenganisha. Tikiti la shambani ni la zamani. Tikiti ya safari ni ya Kiingereza, na kabla ya hapo ya Kifaransa cha kale, ambamo ilikuwa karatasi ndogo ya kubandikwa mahali ili watu waisome. Kutokana na shina hilo hilo Wafaransa walipata jina la karatasi yenye kanuni za kufuatwa na watu wa ikulu, na kutokana na kanuni hizo likatoka neno etiquette, ambalo kwa Kiswahili ni adabu. Hivyo tiketi na adabu, mahali pengine duniani, ni ndugu wa tumbo moja, jambo ambalo abiria wa Segera angetamani konda wake alijue. Na hata pale sauti zinapofanana, sarufi haisahau. Hilo la maji ni tikiti la, hiyo ya gari ni tikiti ya. Wingi wa moja ni matikiti, wingi wa nyingine haubadiliki. Maneno mawili yanaweza kuvaa kanzu moja, lakini upatanisho hutambua miguu.

Huu ndio uwili wa namna ya kwanza, ambao wanaisimu huuita homonimia: njia mbili zilizokutana. Upo na wa namna ya pili, polisemia, ambao ni njia moja iliyogawanyika. Anayesimama katikati ya njia panda, asiyejua alikotoka kila mtu, hawezi kuutofautisha uwili huu kwa macho. Zote mbili zina sura moja ya panda. Ni historia tu iwezayo kumwambia kama njia hizi zinakutana au zinaachana.

Neno kituo ni mfano wa njia inayoachana. Shina lake ni kutua: mchukuzi hutua mzigo wake, ndege hutua mtini, jua hutua magharibi. Kituo ni pale mzigo unapowekwa chini. Kutokana na hapo pana kituo cha mabasi, kituo cha polisi, kituo cha afya. Pana kituo ambacho ni nukta, mwisho wa sentensi. Na pana kituo cha shairi, mshororo wa mwisho wa ubeti, pale mtunzi anapoitua hoja yake. Maana hizi zinatofautiana kwa kazi, lakini ukizifuata nyuma zote zinafika kwa mtu mmoja mwenye mzigo kichwani. Mwingereza naye ana station na stand, ambayo kwetu yamekuwa stesheni na stendi, na yote mawili chimbuko lake ni kusimama. Yeye ameliita pahali hapo kwa miguu ya msafiri. Mswahili ameliita kwa mzigo wake.

Kiingereza kinazo njia nyingi zinazoachana, na baadhi yake zinapita Segera. Neno coach limetoka katika kijiji cha Hungaria kiitwacho Kocs, kilichosifika tangu karne ya 15 kwa magari yake ya kukokotwa na farasi. Jina la kijiji likawa jina la gari, likaenea Ulaya nzima. Katika karne ya 19 wanafunzi wa vyuo vya Uingereza, kwa mzaha, wakamwita hivyo mwalimu wa binafsi aliyemchukua mwanafunzi mzito na kumfikisha salama ng'ambo ya mtihani. Kutoka kwenye mtihani likaingia uwanjani. Leo timu ya mpira inaposhuka Segera kwa chakula cha mchana, Mwingereza angeliita gari lao na mwalimu wao kwa neno moja. Mswahili amemchukua kocha peke yake, na gari ameliacha liitwe basi.

Vivyo hivyo neno train. Asili yake ni kuburuta. Lilikuwa pindo refu la nguo ya bibi lililokokota chini nyuma yake, kisha msururu wowote unaofuata, na mwisho mabehewa yafuatayo injini. Tawi jingine la kuvuta huko likawa kuuvuta mche mchanga uelekee unakotakiwa, na kutokana na mche likaja kumfunza mtu. Reli ya Tanga ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, na watu wa pande hizi waliliita lile joka la chuma kwa lugha yao wenyewe, gari la moshi. Gari ni la Kihindi, moshi ni wetu. Nalo halikukosa utani wake, kwani sikio halisikii herufi kubwa: mtu wa Segera akisema anangoja gari la Moshi, huenda anasubiri basi la kwendea mji wa Wachaga, wala hapana kitu kinachofuka.

Lakini neno linalomiliki Segera ni panda. Abiria hupanda gari. Mkulima hupanda mahindi. Barabara yenyewe ni njia panda. Mtoto aliye kando yake ana panda la mti alilofungia mpira, analenga ndege. Na wazee wa pwani wanaijua panda ipulizwayo, jamaa ya baragumu. Mtu akisema "wamepanda", bila neno jingine mbele yake, msikilizaji hajui kama watu wamo ndani ya basi au wamo shambani na majembe. Watungaji wa kamusi wameyatenga maneno haya katika vidahizo mbalimbali, kila kimoja kikapewa tarakimu yake ndogo begani: panda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tarakimu ile ni ya kukumbukwa, maana itarejea kabla ya mwisho wa safari hii.

Washairi wa pwani wameishi kwa uwili huu kabla ya kuwapo jina la kitaalamu la kuuita. Hata zana zao za kazi zina maana mbili mbili. Kina ni urefu wa kwenda chini baharini, na kina ni mlio wa silabi ufungao kipande cha mshororo. Mizani ni ya muuza nazi, na mizani ni hesabu ya silabi. Leo imeongezeka ya tatu, ile ya barabara kuu inayopima uzito wa malori, ambapo dereva aliyezidisha hutozwa faini kama vile mshairi aliyezidisha asivyosamehewa na wenziwe. Beti ni ya Kiarabu, ambamo bait ni nyumba na pia ni mstari wa shairi. Na mtu wa Ulaya anaposema stanza ametumia neno la Kitaliano lenye maana ya chumba, na kabla ya chumba lilikuwa mahali pa kusimama. Waarabu na Wataliano hawakushauriana. Kila mmoja kwa upande wake aliona kwamba maneno yaliyopangwa yanahitaji mahali pa kukaa.

Mpaka hapa uwili wa maneno waweza kuonekana kuwa ni burudani, kitendawili cha kupitishia muda kituoni. Si hivyo. Neno linapovuka bahari aghalabu halibebi maana zake zote. Husafiri kama mtoro, na kifurushi kimoja. Maana ya pili huipata huku ugenini, na huipata kutokana na yale yaliyowapata watu waliolipokea.

Tazama fundi aliyelala chini ya lori, anafunga springi. Kwa Waingereza neno spring ni chemchemi, ni majira ya miti kuchipua, ni waya wa chuma uliosokotwa, na ni kuruka. Yote ni njia moja iliyogawanyika, kwa kuwa maana ya asili ni kuruka na kuchomoka: maji huchomoka ardhini, majani huchomoka matawini, chuma kilichobanwa huruka kikiachiwa. Hapa kimefika chuma tu. Chemchemi tunazo, na majira yale hayapo. Yapo masika na vuli, kaskazi na kusi. Hali kadhalika benki. Kwa Kiingereza bank ni nyumba ya fedha na pia ni ukingo wa mto. Ya fedha ilitoka kwa Wataliano, ambao wavunja fedha wao walikaa sokoni nyuma ya ubao mrefu, banca; ukingo uliletwa na watu wa kaskazini ya Ulaya. Wenye ujuzi wanaonyesha kwamba zamani sana maneno hayo yalikuwa na babu mmoja, ambaye ndiye pia babu wa benchi. Ukingo wa mto Pangani haukupata habari hizo. Zilikuja benki na benchi, na mtu huketi kwenye la pili akingoja zamu katika ya kwanza.

Na baa? Kwa Kiingereza bar ni pao, ni komeo, ni ubao wa kumtenga muuza vileo na mnywaji, na ni kizuizi cha mahakamani kilichowapa mawakili jina lao. Kilichoshuka kwetu ni kileo peke yake. Kilikuta neno la kale lenye sauti hiyo hiyo, baa, yaani janga. Mama mwenye mume asiyerudi na mshahara wake nyumbani hahitaji kamusi kumweleza kwamba maneno haya mawili hayana nasaba moja, wala hahitaji mtu kumweleza kwamba yanafanana.

Walakini pana maneno yaliyokuja na kifurushi kimoja yakapata mali ugenini. Mashuhuri kupita yote ni meli. Katika Kifaransa cha kale neno lake lilikuwa na maana ya mkoba. Waingereza wakalifanya mkoba wa barua, kisha barua zenyewe, mail. Mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilianza kuleta barua Zanzibar kwa ratiba, kila mwezi. Watu wa forodhani waliusikia mkoba ukitajwa, wakauona moshi na mlingoti, wakakiita chombo kizima kwa jina la kilichomo. Tangu hapo kila chombo kikubwa cha injini ni meli, hata kisichobeba barua hata moja. Mwingereza mwenyewe halitambui tena neno lake. Wala si kosa la watu wa forodhani. Ndivyo walivyoiona dunia mpya kutoka pale walipokuwa wamesimama.

Bepari naye alikuwa msafiri wa namna hiyo, ingawa hakutoka Ulaya. Alikuja kutoka pande za Gujarat akiwa mfanyabiashara wa kawaida, mwenye duka na daftari. Miaka ikapita, siasa ikabadilika, na kufikia Azimio la Arusha la mwaka 1967 bepari alikuwa amekwisha kuwa adui: mwenye mali anayeishi kwa jasho la wenzake. Pembeni yake alisimama mnyonyaji, ambaye neno lake lilitolewa kifuani mwa mama. Mwaka 1969 ilitoka tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare ambao kwa Kiingereza ni The Merchant of Venice, naye akauita Mabepari wa Venisi. Kwa maana ya zamani tafsiri ni sahihi kabisa. Kwa maana ya mwaka ule, jalada lilikuwa limekwisha kutoa hukumu kabla ya pazia kufunguliwa. Isitoshe, kwa Kiingereza mfanyabiashara wa jalada ni mmoja, naye ni Antonio. Kwa Kiswahili wamekuwa wengi, na wingi huo umewakusanya mkopaji na mkopeshaji katika kapu moja. Mtafsiri aliyesimama penye njia panda hakuchagua njia moja. Alichukua neno lililokuwa na zote mbili.

Maneno hayo yote yanaweza kusemwa Dar es Salaam au Mombasa. Liko moja ambalo ni la nchi hii hasa, la Korogwe na Handeni, la Muheza na Tanga, nalo ndilo linalofanya suala la maana mbili lisiwe mchezo.

Kando ya barabara za Segera umestawi mkonge. Mmea huu ni mgeni. Kwao ni Mexico, katika rasi ya Yucatán, na jina lake la kimataifa, sisal, ni jina la bandari ya huko uliyosafirishiwa. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kupitia Florida na Hamburg. Katika miche elfu moja iliyoanza safari, iliyofika hai pwani ya Pangani haikutimia mia. Kiswahili kiliupa jina lililokwisha kuwapo, la mmea wa mwituni wenye nyuzi. Nyuzi zake zikaitwa katani, neno la Kiarabu la kitani. Miche ile michache ikazaa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkuu wa mkonge duniani. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1960, mavuno ya mwaka mmoja yalizidi tani 200,000.

Mkonge hukatwa kwa mkono, na majani yake yana miiba nchani. Wazigua na Wabondei, wenye mashamba yao, hawakuwa na hamu ya kazi hiyo. Wakaletwa watu kutoka mbali: Waha wa Kigoma, Wangoni wa Songea, Wamakonde na wengine kutoka Msumbiji, watu wa Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na watu wakasafirishwa kwa malori na kwa gari la moshi hadi kwenye makambi. Kibarua alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, ambayo haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka kila siku ijazwe. Na alipewa namba. Kwa namba aliitwa alfajiri, kwa namba alipimiwa mistari yake, kwa namba alilipwa. Watu wa vijiji vya jirani waliowaona wakipita wakawapa jina kutokana na kile walichokisikia kikiitwa: manamba.

Neno number huko kwao lina heshima zake. Limetoka kwa Kilatini, likapita Ufaransa, na Kiingereza kikalipa kazi nyingi: tarakimu, idadi, toleo la gazeti, wimbo mmoja katika onyesho. Washairi wa Kiingereza wa karne ya 18 walilitumia hata kwa maana ya ushairi wenyewe, kwa kuwa mstari una mizani na mizani ni hesabu. Kwa Kiswahili limeingia kwa milango miwili: namba moja kwa moja kutoka kwa Mwingereza, nambari kwa kupitia India. Lakini hakuna popote, si Roma, si Paris, si London, ambapo neno hili lilipata kuwa na maana ya mtu. Maana hiyo limeipata katika mkonge wa Tanga. Kiambishi ma-, ambacho kwa kawaida huyakusanya matunda na mawe, kiliwekwa mbele yake, na mtu aliyekuwa na baba, ukoo na kijiji akawa sehemu ya hesabu. Kule kwa washairi namba ni ubeti, huku ni mtu aliyevuliwa jina. Njia iligawanyika hapa, na walioilipia si wenye kamusi.

Neno lenyewe halikukaa lilipozaliwa. Nchini Kenya manamba ni yule kijana wa matatu anayening'inia mlangoni akiwaita abiria na kutaja namba ya njia ya gari lake. Tazama lilivyogeuka. Manamba wa Korogwe alikuwa mwenye kuitwa kwa namba. Manamba wa Nairobi ndiye mwenye kuiita. Na ndugu yake wa Segera anafanya kazi ile ile lakini ameitwa mpiga debe, kwa bati la mafuta ambalo jina lake ni la Kihindi.

Mtafsiri anayetaka kulirudisha neno hili kwenye Kiingereza, lilikotoka, hukuta mlango umefungwa. Akiandika neno la "vibarua" amewapa watu utu wao, lakini ameificha namba iliyowafunika. Akiandika neno la "namba" ameiweka wazi namba, na watu wametoweka kwa mara ya pili. Akiliacha kama lilivyo, manamba, msomaji wa Kiingereza atalitazama kama neno la Kiafrika asilolijua, asitambue kwamba ni lake, na kwamba wenzake ndio walioliacha hapa. Hapana njia ya nne. Watafsiri wengi huchukua ya tatu, kisha wakalazimika kueleza. Huenda kueleza huko ndiyo tafsiri yenyewe.

Hapo ndipo inaporudi tarakimu ndogo ya kamusi. Mtungaji wa kamusi huyakuta maneno matano yenye jina moja, panda, naye huogopa yasipotee moja ndani ya jingine. Hivyo hulipa kila moja namba yake, ili lipate kujulikana kwa asili na maana yake. Mwenye shamba alikuwa na watu mia tano, kila mmoja na jina lake, naye aliwapa namba ili asihitaji kuyajua majina hayo. Kitendo ni kimoja, kuhesabu, na kinaitwa kwa neno moja katika lugha zote mbili. Nao huo ni uwili ambao hauna budi kuandikwa katika vidahizo viwili.

Baada ya mwaka 1964 bei ya mkonge ilianguka, kwa kuwa nyuzi za viwandani ziliingia sokoni; mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa; makambi yakapungua watu. Baadhi ya manamba walirudi kwao. Wengi hawakurudi. Walioa na kuolewa, wakalima, wakazika na kuzikwa, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumba zao. Wajukuu wao wako katika miji na vijiji vya njia hii, na baadhi yao ndio wanaokimbilia madirisha ya magari na mifuko ya machungwa.

Mtu wa hapa akiulizwa jina lake na karani, hutaja matatu, kama ilivyo desturi ya nchi: lake, la baba, na la babu. Lile la tatu, ambalo hutamkwa haraka kupita mengine, ndilo ambalo shambani halikuitwa kamwe. Karani huliandika lote kwa herufi zake. Nje, mpiga debe anaita basi.